Mawe ya Upande Wetu

Jumatatu, 5 Machi 2018

Nimesoma fimbo za kupimia kabla ya kufungua stoo, kama kila asubuhi. Maji yako chini ya rangi ya bluu, ile ya usalama, kwenye fimbo zote. Mto wetu wa mpakani, Lhubiriha, umelala. Mawe ya katikati yanaonekana mgongo. Wanawake wanafua. Ng'ombe wa upande wa Kongo wanakunywa bila wasiwasi.

Kahawa iliyoshuka kutoka mlimani leo ni mbichi. Nimemrudishia mtu magunia yake akaanike upya. Amenuna. Anune.

Shemeji Yusufu amenikuta ukingoni, akacheka. Anasema tangu kaka yake afe nimeolewa na mto. Stoo ni yetu wote wawili, nusu yake na nusu niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Yeye anaendesha lori letu la Fuso, mimi nanunua na kuuza. Kwenye biashara tunapatana. Kwenye mambo ya mto, hapana.

Nayaandika haya ili nisije nikasahau tulivyoanza. Mwaka jana Thembo, kijana wa ofisi ya maji ya Kasese, alitugawia ukingo sehemu tatu. Juu, kwenye kona, tukapanda mianzi na matete. Katikati, mbele ya soko na stoo yetu, tukaweka gabioni, mawe yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya. Chini hatukuweka kitu. Mto uachiwe uwanja wake, mtu asijenge. Watu walimuuliza dawa ni ipi kati ya hizo tatu. Akasema hajui. Mvua zimebadilika, mto umebadilika, hakuna anayejua. Tutajaribu zote, tutaangalia, na tukikuta kosa tutabadilisha bila kuona haya. Watu wakanung'unika. Walitaka mtaalamu anayejua. Mimi neno lile lilinituliza, na ndiyo maana nilikubali kuwa mwenyekiti wa kamati ya ukingo.

Ijumaa, 9 Machi

Mvua imeanza mlimani. Hapa Bwera jua kali, lakini maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kavira amevuka na vitunguu vyake. Ni rafiki yangu wa miaka mingi, analima ng'ambo, mkabala kabisa na stoo yetu, anaishi hapo na mama yake mzee. Tulikunywa chai. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Mama Shaban, udongo ya kwetu inakatika. Tangu muweke ile mawe, kila mvua inakatika."

Nilimwambia ni ng'ombe wanaokanyaga ukingo. Akasema labda. Alimaliza chai yake taratibu.

Si ng'ombe. Nilijua hata wakati nasema.

Jumatano, 14 Machi

Maji yamefika rangi ya njano. Soko limebaki kavu. Mwaka jana wakati kama huu akina mama wa samaki walikuwa wanauzia juu ya meza huku miguu yao iko ndani ya matope. Leo wamenisalimia kwa furaha. Mmoja amenipa kipande cha samaki wa Katunguru, bure, eti zawadi ya mwenyekiti.

Nimekipika. Kitamu. Nimekila nikitazama ng'ambo.

Jumapili, 18 Machi

Nimevuka kwenda kuona kwa macho yangu. Kivuko cha mawe hakipitiki tena, nimezunguka darajani.

Ukingo wa Kavira umekatwa wima, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Mizizi inaning'inia hewani. Matuta ya vitunguu yanaishia penye hewa. Fimbo tuliyomwekea upande wake haipo. Haikuanguka. Mahali ilipokuwa imesimama ndipo hapapo.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Hakulalamika. Aliniuliza habari za kahawa. Nyumba ile iko karibu na maji kuliko nilivyokuwa nikikumbuka. Au maji ndiyo yamekaribia.

Kutoka kule niligeuka nikatazama kwetu. Gabioni zetu zimenyooka, safi, zinang'aa. Stoo nyuma yake, bati jipya. Niliona aibu kwa jinsi panavyopendeza.

Nimempigia Thembo simu. Nimemwambia aje.

Jumanne, 20 Machi

Thembo amekuja. Amechafuka matope hadi magotini, amekwenda pande zote mbili. Nilimuuliza moja kwa moja kama ni mawe yetu.

"Sijui, mama. Inaweza kuwa mawe. Inaweza kuwa wale wanaochimba mchanga kule chini. Inaweza kuwa mlima wenyewe umeleta maji mengi."

Nilikasirika. Nilimwambia mwaka jana neno hilo lilikuwa zuri kwa sababu hakuna nyumba iliyokuwa inaanguka. Akaomba panga.

Alikata mgomba, akaukatakata vipande, akapanda juu hadi kwenye mianzi. Akavitupa majini kimoja kimoja. Mimi nilisimama chini nikiangalia. Kila kipande kilikuja polepole, kikagonga mwanzo wa mawe yetu, kikageuka, kikakimbilia ukingo wa Kavira kama kimesukumwa kwa mkono. Akatupa vingine. Vile vile. Akatupa kutoka upande wa Kongo. Navyo vikabaki kule kule, vikisugua udongo wake.

Nilitamani kimoja tu kipite katikati. Hakikupita.

Thembo anasema hii bado si hakika. Mto uliojaa si mto wa leo. Lakini akikaa kusubiri hakika, anasema, nyumba itakuwa imekwenda.

Alhamisi, 22 Machi

Kikao cha kamati, chini ya bati la soko. Mvua ilikuwa inapiga, tukawa tunapaza sauti.

Thembo alieleza. Kuna njia mbili. Ya kwanza, kuwawekea wa ng'ambo mawe kama yetu. Lakini mto ukibanwa pande zote utakwenda kwa hasira hadi darajani, na kule kuna nyumba nyingi zaidi. Ya pili, kufungua gabioni zetu za mwisho, za upande wa chini, maji yakijaa yapate pa kutokea, yapite kwenye uwanja wazi yakapumzike huko.

Mtu akauliza yatapita wapi kabla ya kufika uwanjani.

Thembo akanitazama mimi. Kila mtu akanitazama mimi. Kati ya gabioni za mwisho na uwanja wazi kuna kiwanja kimoja tu. Ni chetu. Stoo iko hapo.

Yusufu alisimama. "Hii mawe inabaki. Tulibeba sisi, kwa Fuso yetu. Mwenye anataka kutoa, anitoe mimi kwanza."

Watu walipiga makofi. Mimi sikusema kitu. Mwenyekiti, na sikusema kitu.

Nilipotoka nilimuuliza Thembo kama akifungua pale nyumba ya Kavira itapona. Akasema hawezi kuahidi. Nikamuuliza kama stoo yangu itaanguka. Akasema hilo nalo hawezi kuahidi, ila anaogopa.

Leo nimemchukia. Anakuja na gari la abiria, anarudi kwao Kilembe. Mimi ndiye nabaki hapa na Yusufu.

Jumamosi, 24 Machi

Mvua. Mvua. Fimbo iko kati ya njano na nyekundu.

Sijafungua stoo. Nimekaa ndani nikinusa kahawa. Marehemu alijenga ukuta huu mwenyewe, tofali juu ya tofali, akiwa na homa. Nilimwambia apumzike. Hakupumzika.

Jumanne, 27 Machi

Jiko la Kavira limekwenda.

Ilikuwa saa za mchana. Nilisikia mtu ananiita kutoka ng'ambo, nikatoka mbio. Kavira alikuwa amesimama pale jiko lilipokuwa, sufuria mkononi. Mto katikati yetu, unanguruma.

"Unaona?" alisema kwa sauti kubwa. "Mama anakatala kutoka. Anasema alizalia batoto hapa, hatatoka. Na mimi siwezi kumubeba kwa nguvu."

Nilimwambia nitazunguka darajani.

"Usikuye kunipa pole, Mama Shaban. Niko na pole mingi. Kama iko kitu unaweza kufanya, fanya. Kama hakuna, uniambie hakuna, nijue."

Nilisimama pale. Nyuma yangu mawe, nyuma ya mawe stoo. Nilisema, "Iko." Sauti haikutoka. Nikasema tena kwa nguvu. "Iko!"

Aliitikia kwa kichwa, akaenda ndani kwa mama yake.

Sasa nimesema. Sijamwambia Yusufu.

Ijumaa, 30 Machi

Nimemwambia Yusufu asubuhi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuwa anafuta kioo cha gari. Akaendelea kufuta.

"Wewe uko upande gani?" aliuliza.

Nilimwambia mto hauna upande. Akasema maneno hayo nimeyatoa kwa Thembo. Kweli, ya Thembo. Nikamwambia basi haya ni yangu: yule mama akifa ndani ya maji yaliyosukumwa na mawe yangu, sitaweza kuuza kahawa tena. Akasema kaka yake angenizuia. Nikasema kaka yake hayupo. Akakamua kitambaa chake ndooni.

Baada ya sala wanaume walinisimamisha njiani. Watu ninaowajua, nimewakopesha sukari, nimewazalishia wake zao. Mmoja anasema nauza soko kwa Wakongo. Mwingine anasema Kavira amenipa dawa. Wa tatu, mpole, ndiye aliyeniumiza. Aliniuliza tu: mama, na kama ukifungua maji yakaingia sokoni? Utawaambia nini akina mama wa samaki?

Aliondoka akitikisa kichwa.

Leo ni Ijumaa Kuu. Wakristo walipita na msalaba wakiimba, wamelowa chapachapa. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Jumapili, 1 Aprili

Yusufu amepakia nusu yake ya kahawa kwenye Fuso. Ameondoka kwenda Kasese. Anasema atapanga stoo mjini. Hakuaga. Aliniachia funguo juu ya mzani.

Nusu yangu imebaki, na sina gari.

Thembo amepiga simu. Ofisi yao imekubali, na amepata barua kwa ajili ya watu wa mpakani. Aliniuliza kama bado niko tayari. Kiwanja ni chako pia, alisema, na Yusufu ameondoka; bila neno lako hatugusi jiwe.

Nilitaka aniambie nifanye nini. Hakusema. Nimekubali. Nilikubali kwa sauti ya mtu anayekataa.

Jumatano, 4 Aprili

Nimechoka sana, lakini niandike kabla picha haijapotea.

Jana na juzi akina mama wa kamati walinisaidia kutoa magunia. Mikokoteni, vichwa, migongo. Kahawa sasa iko kwenye darasa la madrasa, imepangwa hadi dirishani.

Leo asubuhi alikuja Thembo, akaja Baluku fundi. Baluku ndiye aliyezifunga zile waya mwaka jana, na ndiye aliyezikata. Alifanya kazi akiwa ameuma midomo. Watu walijaa juu, wakitazama. Hakuna aliyetusaidia, hakuna aliyetuzuia.

Tulipoanza kuvingirisha mawe akaja askari kutoka kituoni, bunduki begani.

"Nyinyi! Acha hiyo kazi. Nani amewatuma kubomoa mpaka?"

Nilisema, "Afande, mpaka ni mto. Haya ni mawe tu."

"Mawe nani aliweka?"

"Sisi."

"Na nani anatoa?"

"Sisi."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mwenye akili timamu. Thembo akampa barua. Aliisoma, akaisoma tena, akapiga simu, akazungumza na mtu kwa muda mrefu huku akitupa kisogo. Tukasubiri. Mawingu yalikuwa yanajenga mlimani, meusi, yakipanda juu ya mengine. Mwishowe akarudisha barua.

"Haya. Maliza haraka. Toka hapo."

Thembo hakutaka kufungua kote kwa mara moja. Tulitoa kipande kidogo cha mwisho, akatupa tena vipande vya mgomba. Vikaenda ng'ambo kama kawaida, ila viwili vitatu vilisitasita. Tukatoa zaidi. Vikagawanyika, vingine kwa Kavira, vingine kwetu, vikiingia taratibu kwenye kiwanja chetu na kukwama kwenye nyasi.

Nikasema imetosha. Ukuta wa stoo ulikuwa bado mbali na pengo. Nilihesabu moyoni kwamba labda utapona.

Thembo alifuta jasho. "Mama, ikitosha leo, haitatosha siku ya mafuriko. Lakini mimi sijui. Naweza kuwa nimekosea, na stoo ikaenda bure."

Baluku alisimama na koleo mkononi akingoja neno langu. Nilitazama ng'ambo. Mama yake Kavira alikuwa mlangoni kama kawaida, mkono juu ya macho, akitutazama.

Nikasema, "Toa na hiyo."

Waya ilikatika kwa mlio kama wa kamba ya zeze. Mawe yakamwagika yenyewe.

Alhamisi, 5 Aprili

Hakuna mvua. Jua. Watu wananiangalia kama niliyebomoa kwa wazimu.

Laiti ingenyesha. Astaghfirullah, nimeandika nini.

Jumamosi, 7 Aprili

Imekuja.

Bwera kulikuwa na jua la adhuhuri. Mlimani hakukuonekana kitu, giza tupu. Mto ulinguruma kabla ya kuonekana. Kisha ukaonekana, mrefu, wa rangi ya kutu, umebeba magogo na migomba mizima na mlango wa mtu. Thembo alikuwa amelala kwa Baluku tangu juzi, alikuja mbio akipiga kelele watu watoke chini. Watu walitoka. Soko lote likapanda juu kwenye barabara, na samaki wao, na meza zao.

Fimbo zilizama, na nyekundu nayo haikuonekana tena.

Maji yalifika kwenye pengo. Yalisimama kidogo, nakumbuka hivyo, kana kwamba yanauliza. Kisha yakaingia. Yaliingia kwenye kiwanja chetu kwa upana, yakazunguka stoo, yakapita kuelekea uwanja wazi na kutandaa huko kama ziwa. Bati lilitetemeka. Ukuta wa marehemu ulisimama muda mrefu. Nilianza kuamini. Kisha kona moja ikaketi chini, taratibu, kama mtu aliyechoka. Halafu ukuta mzima. Halafu bati likaelea.

Nilikuwa nimesimama katikati ya watu. Hakuna aliyenigusa. Mama mmoja wa samaki alianza kulia, mimi sikulia.

Nilitazama ng'ambo. Maji yalikuwa yanasugua ukingo wa Kavira, lakini hayakuwa yanauma kama kabla. Nyumba ilikuwa imesimama. Niliwaona wote wawili nyuma ya nyumba, Kavira amemshika mama yake kiunoni.

Ndipo tukasikia mtu anapiga yowe upande wa juu. Mianzi. Mianzi yetu, matete yetu, sehemu ambayo kila mgeni alikuwa anapiga picha. Ilikuwa inaondoka na mizizi na udongo wake, kipande kizima, na nyuma yake maji yalianza kula mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupaangalia, njia ya madrasa. Darasa lenye kahawa yangu. Na kabla ya darasa, chumba cha mwalimu, mke wake na kichanga.

Thembo alishika kichwa. Nilimwona. Hakuwa na mpango wa pale. Hakuna aliyekuwa nao.

Sikumbuki nani alianza. Nakumbuka nikipiga kelele magunia, magunia matupu, yako kwa Baluku. Tukayajaza mchanga kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Wale wanaume walionisimamisha njiani walikuwa ndani ya maji hadi mapajani. Yule mpole alikuwa mbele yangu, tukipokezana magunia. Mke wa mwalimu na mtoto wake walitolewa, wakafichwa kwenye duka la juu. Askari yule yule alivua bunduki akampa mwenzake, yeye naye akaingia majini.

Maji yalifika kwenye ngazi ya darasa. Yakakaa hapo hadi jua lilipozama. Kisha yakaanza kushuka.

Hakuna aliyekufa. Nimewauliza wote, pande zote. Hakuna aliyekufa.

Jumapili, 8 Aprili

Yusufu amerudi. Alisikia habari Kasese, akaendesha tangu alfajiri, anasema Muhokya barabara ilikuwa na matope hadi kwenye bampa. Alisimama pale kona ya stoo ilipokuwa. Alipiga tope teke.

"Ungeniita," alisema.

"Nilikuambia, shemeji. Ukaondoka."

Aliokota kipande cha tofali, akakigeuza mkononi, akakiweka chini kwa heshima. Alikwenda kwenye lori akakaa ndani bila kuwasha injini. Nilikaa kwenye tope. Tulikaa hivyo, kila mtu kwake.

Alhamisi, 19 Aprili

Kikao kikubwa, karibu na daraja, watu wa pande zote mbili. Kavira alikuja. Wa ng'ambo walikuja na kiongozi wao wa mtaa, mtu wa maneno mengi, lakini alisikiliza.

Thembo alisimama mbele yetu akasema mambo wazi. Mianzi aliipanda karibu mno na maji. Yeye ndiye aliyechagua pale, na alikosea. Mawe yalilinda soko na kuumiza jirani. Uwanja mtupu ambao kila mtu aliucheka ndio uliopokea maji mengi kuliko vyote. Lakini hayo ni mafuriko ya mara moja tu, alisema. Yajayo yanaweza kufanya tofauti.

Mzee mmoja akauliza, "Sasa sisi tunajua nini?"

"Zaidi ya mwaka jana. Si sana."

Nilitegemea watu watazomea. Hawakuzomea. Labda kwa sababu wengi wao walikuwa wameshika mfuko wa mchanga siku ile, na walijua kwamba hata wao hawakujua.

Tumekubaliana hivi. Pengo libaki. Mianzi ipandwe tena, mbali na maji, pande zote mbili kwa pamoja. Wachimba mchanga wasimame hadi tuone mvua za mwisho wa mwaka. Njia ya madrasa iwekewe fimbo. Kamati iwe moja, si ya kwetu na ya kwao. Na kwenye kiwanja cha pengo mtu asijenge tena.

Mtu asijenge. Kiwanja chetu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeuliza nani anakubali, na mimi mwenyewe nikainua mkono. Yusufu alikuwa nyuma, amesimama. Hakuinua. Hakupinga.

Nimefika nyumbani nikalia. Nililia kwa sauti, kama nilivyolia kwenye msiba. Sijui kama nilifanya sawa. Nyumba ya Kavira ingeweza kusimama hata bila pengo. Hakuna atakayejua kamwe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ukuta.

Jumatatu, 7 Mei

Yusufu amekuja na habari. Amepata chumba juu barabarani, karibu na kituo cha boda. Kidogo, hakivuji. Anasema tutakodi pamoja nikitaka, nusu kwa nusu kama zamani.

Nimemuuliza kama amenisamehe. Amesema swali hilo nisimuulize sasa. Basi sikuuliza tena. Tumekwenda kukiona chumba. Dirisha linatazama mlima.

Jumanne, 22 Mei

Mfungo unaendelea. Joto, lakini midomo imeshazoea.

Kavira amekuja jioni na sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, amefunika kwa jani la mgomba. Amesema ni ya futari. Yeye ni Mkatoliki, lakini anajua saa zetu kuliko baadhi yetu.

Alikaa, kisha akaniambia. Mama yake amehama. Wiki iliyopita. Amekwenda kukaa kwa dada yake, mlimani nyuma ya Kasindi. Alikataa wakati wa maji, na sasa pakiwa pakavu ndipo amekubali, kwa hiari yake, na kiti chake. Nyumba imebaki tupu. Kavira naye siku hizi analala huko, ndani anaweka majembe tu.

Aliniambia akitazama chini, kama anaona aibu. Stoo yangu imekwenda, na nyumba yenyewe haina mtu.

Nilisubiri hasira ije. Ilikuja kidogo, halafu ikapita. Nilimuuliza mama amefurahi huko? Akasema analalamika baridi, lakini analala.

Basi, nilisema. Ni vizuri.

Adhana ikaita. Tende, maji, kisha sombe na ugali. Tulikula kwa mkono kutoka sahani moja, mlangoni. Kule chini, kiwanja chetu kimejaa tope laini, na nyasi zimeanza kuota juu yake. Ndege weupe wanatembea humo, wanachagua. Kavira ameondoka kabla ya daraja kufungwa. Nimeosha sahani.